Janti ya Prefe Imekimbia

Leo nimeaibika mbele ya makanisa mawili kwa mpigo mmoja. Wakatoliki wameniona. Walokole wameniona. Ambaye hakuwa kanisani amesikia, maana kulikuwa na spika.

Naandika nikiwa nimetumbukiza miguu katika beseni la maji ya chumvi, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine. Hapa Likasi, mji wa migodi na wa Kiswahili chenye Kifaransa ndani, habari haingoji gari. Inatembea kwa miguu, na ukifika inakupa kiti.

Kwa wasionijua: naitwa Odette. Kazi yangu ni kutengeneza janti za aluminiamu, yaani zile rimu za gari zinazong'aa. Mtu anaingia shimoni, janti inapinda au inapasuka, ananiletea. Nainyoosha, nachomelea ufa, napiga msasa, napaka rangi upya, inatoka kama mpya. Marehemu baba alikuwa fundi mitambo mgodini, ndiye aliyenifundisha. Karakana yangu iko juu kabisa ya kilima cha mtaa wetu, mahali pazuri, pana upepo, rangi inakauka haraka. Hilo la upepo ndilo nililokuwa nikijisifia miaka yote. La kilima sikuwahi kulifikiria.

Wiki hii mteja alikuwa Prefe. Si jina lake, ni cheo. Alikuwa mkuu wa shule yetu ya sekondari, amestaafu siku nyingi, lakini watu wazima wenye wajukuu bado wanaficha sigara akipita. Mimi alinifundisha jiometri. Siku moja alinisimamisha ubaoni mbele ya darasa zima, akatazama duara nililochora, akasema polepole: "Odette, hii ni kiazi."

Sasa sikilizeni. Shule ya ufundi ya masista inatafuta mwalimu wa karakana. Nimeomba. Wanaume watatu nao wameomba. Na katika kamati ya kuchagua, nani amekaa? Prefe. Kuna mmoja kwenye kamati aliyeuliza kama mwanamke anaweza kushika nyundo siku nzima. Prefe hakumjibu. Jumanne akaja kwangu na janti ndani ya gunia, akaiweka juu ya meza yangu kama karatasi ya mtihani.

"Odette, hii njo examen yako. Niliingia mu shimo kwa njia ya Kakanda. Ba garagiste wawili wananiambia aluminium haitengenezwake, nitupe. Weye unasema nini?"

Nikaigeuza. Ukingo wa ndani ulikuwa umeingia upana wa vidole viwili. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole gumba. Kwa kweli, ilikuwa kitu cha kutupa.

"Minye ninasema munipatie siku tatu, Prefe."

"Bon. Samedi à dix heures nitakuya na Masere directrice. Lakini sitake ka rond-rond. Nataka rond."

Jamani. Jumamosi saa nne, sista mkurugenzi akiwepo, na duara kamili, si kiazi! Siku tatu hizo sijui niliishi vipi.

Jumatano, moto. Aluminiamu ni mnafiki. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Aluminiamu inanyamaza, inanyamaza, halafu ghafla inaanguka kama mkate uliolowa chai. Baba alinifundisha dawa yake: paka sabuni ya mche. Sabuni ikiwa ya kahawia, piga. Ikiwa nyeusi, umechelewa. Nikapaka, nikapiga kwa nyundo ya mti, kidogo, nazungusha, kidogo tena. Umeme ulikatika mara nne. Nilingoja mara nne. Alhamisi, ufa: nikatoboa tundu dogo pale unapoishia ili usiendelee kutembea, nikachimba mfereji, nikachomelea. Ulivuja. Nikaukwangua wote, nikaanza upya. Ijumaa msasa, rangi ya fedha, vanishi, na vumbi lilipozidi nikaibeba nikailaza chumbani kwetu, upande wangu wa kitanda.

Mimi nikifanya kazi huwa naongea na janti. (Kila fundi ana kichaa chake.) Naitisha. Naituk... naikosoa. Ijumaa hiyo mume wangu Gaston, anayefanya kazi katika machimbo ya chokaa ya Kakontwe, alitoa kichwa dirishani.

"Odette, uko unatukana nani kule inje?"

"Janti."

"Ah. Nilifikiri ni minye."

Akarudi ndani ametulia.

Leo asubuhi nikavalisha janti tairi, nikajaza upepo, nikaizamisha katika beseni kubwa. Hakuna hata povu moja. Nikasema, Odette, leo ni leo. Nilikuwa nimevaa nguo yangu ya kazi, yaani kaptula ya Gaston. Gaston ni gardien, yaani golikipa, wa timu ya machimboni. Kaptula ni nyekundu, pana kama turubai, na nyuma ina namba 1 nyeupe ya ukubwa wa sahani. Kwa heshima ya Masere nikafunga kikwembe kipya cha kitenge juu yake. Nikakifunga haraka haraka.

Saa nne kamili gari la Prefe likasimama mlangoni, gurudumu moja likiwa la akiba. Prefe akashuka, shati jeupe, suruali nyeupe. Masere Philomène akashuka. Ni mtawa mfupi, kimya, mkurugenzi wa ile shule, na ana macho ya mtu anayehesabu vijiko baada ya sherehe. Alinisalimia, akakaa kwenye benchi, hakutabasamu.

Nikaweka gurudumu kwenye ekseli, nikalizungusha, nikashika chaki karibu kabisa na ukingo wa janti. Mkitaka kujua kama janti imenyooka, hiyo ndiyo njia: ikiwa na tumbo, itaigusa chaki. Ikazunguka. Chaki haikuguswa. Prefe akainama, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hm," akasema.

"Na haivuje?" Masere akauliza.

"Haivuje, Masere."

Masere akatikisa kichwa kukubali. Kidogo tu, lakini niliona. Ilikuwa imekwisha! Mtu mwenye akili angesema asante sana, angeleta viti na soda, angenyamaza.

Lakini Prefe akasema, kama mtu anayejisemea peke yake: "Ku mashine kila kintu inazunguka muzuri. Ku njia, je?"

Hilo "je" likaniingia kwenye damu.

"Prefe, mukuye muone vile inatembea!"

Nikalitoa gurudumu kwenye ekseli, nikalitoa nje ya lango, nikalisimamisha barabarani, nikalisukuma kwa vidole viwili. Vidole viwili! Mpango wangu ulikuwa liende hatua tatu, wao waone halitikisiki, nilishike. Likaenda hatua tatu, limesimama wima kama askari kwenye gwaride. Nikajigeuza kuwatazama nyuso zao. (Hapo. Hapo hasa ndipo nilipoharibu.)

"Odette," Prefe akasema kwa sauti ileile ya darasani, "iko inaenda."

"Iko inaenda muzuri, Prefe!"

"Odette. Iko inaenda."

Nikageuka. Lilikuwa tayari limepita nyumba ya jirani wa pili.

Janti iliyopinda ukiiachia kwenye mteremko huyumba. Inakwenda mita kumi, inalewa, inalala mtaroni, mambo yanaisha. Yangu haikuyumba. Nilikuwa nimeinyoosha siku tatu, nyundo kwa nyundo, na sasa ilikuwa inashuka kilima chetu kwenye mstari ambao hata rula ingeuonea wivu. Nikakimbia. Hatua ya kwanza nilikuwa na kikwembe. Ya pili sikuwa nacho. Kilibaki langoni na wageni.

Mama Kabibi anakaanga mikate pale penye kona. Gurudumu likapita katikati ya jiko lake na ndoo yake, halikugusa jiko, halikugusa ndoo. Yeye alibaki na kijiko hewani. Mbele kulikuwa na baba anasukuma baiskeli yenye magunia matatu ya makaa. Aliliona, akaruka mtaroni, akaiacha baiskeli imesimama peke yake. Kwa uzito ule haikujua hata ianguke upande gani. Gurudumu likaipita kwa upana wa mkono.

"Kamateni! Kamateni!" napiga kelele.

Hilo ni neno baya kupiga nalo kelele barabarani. Watu wakasikia "kamateni" wakajua ni mwizi. Wakatoka majumbani. Nilipofika kwenye bomba la maji nilikuwa na watu kama kumi na watano nyuma yangu, wengine na fimbo. Kijana mmoja wa mbio akanifikia, tunakimbia bega kwa bega.

"Mama, ameiba nini?"

"Haina mwizi! Ni mupira! Mupira yangu iko inakimbia!"

Akatazama kaptula. Akaona namba 1.

"Aaah! Ni mechi!" Akageukia wenzake. "Gardien! Kamata, gardien!"

Na wote nyuma wakapokea: "Gar-dien! Gar-dien!" Mtaa mzima. Kuna mama alinipigia vigelegele. Sikuweza kueleza, pumzi yote ilikuwa miguuni. Wakati huo sandali moja ilikuwa imeshanikimbia pia. Lakini nawaambieni ukweli, sikuwaza hata mara moja kusimama. Lile gurudumu lilikuwa na kazi yangu ndani yake. Lingefika mtoni Lufira ningeingia Lufira.

Halikufika Lufira. Chini ya kilima chetu kuna kanisa la walokole, ua mpana, paa la turubai, viti vya plastiki. Leo ilikuwa siku ya mfungo wa akina mama. Lango lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nimeelezwa baadaye kwamba mchungaji alikuwa ametoka kusema, "Sasa tufumbe macho, tunyamaze kabisa, tumsikilize Bwana." Wamama zaidi ya hamsini, kimya, macho yamefumbwa.

Gurudumu likaingia langoni. Likapita njia ya katikati, kati ya viti, bila kugusa hata mkoba. Mama mmoja mzee alifungua jicho moja.

"Ezekieli!" akapiga ukelele. "Magurudumu ya Ezekieli!"

Likafika mbele, likapanda ukingo wa zulia, likapiga ngoma kubwa ya kwaya, DUUM!, likaangusha na kipaza sauti, kisha likalala likizungukazunguka kama sahani iliyoanguka sakafuni.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Naapa sikuwaona watu. Niliona gurudumu tu. Nikalirukia, nikaliangukia kwa tumbo, nikalikumbatia kwa mikono miwili (gardien, si ndiyo?), na nikasema nililokuwa nikiliambia siku zote tatu. Sikujua kwamba kipaza sauti kilikuwa kimelala karibu na mdomo wangu.

"Weye! Unafikiri utanikimbia? Siku tatu niko ninakuchapa! Nimekupaka sabuni, nimekulalisha mu kitanda yangu, na leo unanitoroka mbele ya bantu? Utarudi ku nyumba! Hata kama nikubebe ku mugongo, utarudi!"

Spika nne. Moja imeelekezwa sokoni.

Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa huruma ya kweli:

"Yesu. Bwana yake anateseka."

Nikainua kichwa. Hapo ndipo nilipowaona. Wamama zaidi ya hamsini, macho yamefumbuka yote. Kundi langu la mashabiki limejaa langoni, halijui lishangilie au livue kofia. Na mbele ya mashabiki, wametoka garini sasa hivi, Prefe na Masere Philomène. Masere alikuwa ameshika kikwembe changu, amekikunja mara nne vizuri.

Uso wangu mweusi kwa masizi. Mguu mmoja wazi. Namba 1 inatazama mbinguni.

Nilitamani zulia linifunike. Lakini nikiwa pale chini, vidole vyangu vikagusa ukingo wa janti, na wazo moja likafukuza aibu yote: imepiga ngoma kwa nguvu zile. Je, ufa umefunguka? Kama umefunguka, nimekwisha. Kama haujafunguka, lazima waone leo, hapa, kabla hawajapanda gari na kuondoka na picha ya kaptula peke yake. Aibu nilikuwa nimeshaipata yote. Isingeongezeka.

Nikasimama. Masere akanipa kikwembe. Nikafunga. Mafundo mawili.

"Pasteur," nikamwambia mchungaji, kijana mwenye tai, bado ameshika Biblia kifuani kama ngao. "Munisamehe sana. Ngoma nitaitengeneza minye mwenyewe. Sasa, muko na maji mingi fasi moja?"

Akatazama nyuma bila kutaka. Nikafuata macho yake. Nyuma ya mimbari kulikuwa na kisima cha saruji, kimejaa pomoni.

"Hapana, Mama. Ile ni maji ya ubatizo. Kesho tuko na watu kumi na mbili."

"Pasteur, minye sitaingia. Ni yeye tu."

"Mama..."

"Dakika tano. Nione kama anatoa pumzi."

Alinitazama, akawatazama waumini wake. Yule mama mzee wa Ezekieli akasimama, akaegemea kiti. "Acha aingie, Pasteur. Amekuya mwenyewe, na mbio yote ile. Utamufukuza?"

Mchungaji akafuta jasho. "Polepole basi."

Wanaume wawili wa lile kundi wakanisaidia. Tukalizamisha. Watu wote wakaja kuzunguka kisima, wamama, mashabiki, fimbo zao bado mkononi. Prefe akapenya mpaka mbele, akavua saa yake akaishika. Nikainama uso karibu na maji.

Povu moja likapanda.

Nikalikandamiza chini zaidi.

"Ngojeni," nikasema. "Hiyo ni hewa ya nje, imebaki katika meno ya tairi. Ngojeni." Nikalizungusha polepole. Povu la pili? Hakuna. Nikaleta juu ile sehemu niliyochomelea, nikaisugua kwa kidole ndani ya maji. Hakuna. Dakika moja. Mbili. Mtu nyuma yangu akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wengine wakapokea. Dakika tano zikaisha. Maji yalikuwa yametulia kama kioo, nikaona humo uso wangu, na sikupenda nilichokiona, lakini povu halikuwepo.

Tukalitoa, linatiririka.

Hapo Masere Philomène, ambaye tangu tufike pale hakuwa amefungua mdomo, akasogea, akalitazama lile gurudumu lililolowa kutoka juu mpaka chini, akasema kwa upole:

"Kwetu tungemumwangia tu kidogo ku kichwa."

Sekunde moja. Mbili. Kisha mchungaji ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakalia kinanda. Wamama wakashikana mabega. Prefe akacheka, na mimi ni shahidi: Prefe ana meno, na ni mazuri. Nami nikacheka, kwa sababu kulia kungechukua muda.

Kicheko kilipopungua Prefe akapiga magoti, na suruali yake nyeupe, kwenye maji. Akapitisha kidole ukingo mzima wa janti, mzunguko kamili.

"Hapa vanishi imekwanguka."

"Nitarudilia, Prefe."

"Utarudilia." Akapitisha kidole mara ya pili. "Odette. Nilikuwa nyuma yako na gari toka kule juu mpaka hapa. Nilikuwa ninaangalia tu kama itayumba. Haikuyumba hata mara moja. Iko rond."

Vumbi liliniingia machoni. Yote mawili.

Nje, kabla ya kupanda gari, Masere akanishika kiwiko.

"Lundi, saa moja na nusu, usichelewe. Atelier yetu iko fasi ya tambarare."

"Asante, Masere. Nitakuya."

"Na nguo ya kazi tutakupatia siye."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi katika karakana ya masista, naanza Jumatatu, wapendwa, msije mkasema hamkuambiwa. Lakini gharama yake bado inaendelea. Kwanza, Prefe aliniambia nirudi na gurudumu nikarekebishe vanishi, kwa hiyo nililisukuma kilima kizima, na watu wote walewale walikuwa bado mlangoni. Kushuka lilijua lenyewe. Kupanda lilikuwa linanitegemea mimi. Mama Kabibi alinipa mkate wa bure. Yule wa makaa aliniuliza kama kesho pia tunacheza.

Pili, Gaston. Alinipigia simu sijafika hata nusu ya njia. Mtu kanisani alikuwa amerekodi, na video ilikuwa imeshafika Kakontwe machimboni.

"Odette, nimeona. Beko wote wameona. Juu ya nini uko na kaptula yangu kwa kanisa?"

"Nimepata kazi, Gaston."

Nikamsikia anavuta pumzi, kisha anawapigia kelele wenzake: "Amepata kazi! Bibi yangu amepata kazi!" Wakashangilia kule mpaka simu ikakwaruza. Halafu akarudi, anajikaza asicheke.

"Muzuri sana. Lakini kocha anasema dimanche minye nitakaa ku banc, sitacheza. Anataka ule gardien mwingine, ule wa kanisa."

Wiki ijayo natengeneza ngoma ya walokole, nimeahidi. Ninyi mlio mbali, hiyo video ikiwafikia, itazameni bila sauti. Na mliokwisha kuitazama na sauti, nawaombeni, tukikutana njiani mnisalimie kwa jina langu.

Funzo nimelipata, nalo ni fupi: ukishafaulu, weka kalamu chini.